NYOKA UANI: TUSHIKE RUNGU, TUMSHUKU JIRANI, AU TUTUMIE AKILI?

 

Leo hatuzungumzi juu ya mbolea wala dawa ya kunyunyizia pamba. Tunazungumza juu ya mgeni asiyebisha hodi, ambaye kila mkulima amekwisha kumwona walau mara moja: nyoka aliyeingia uani. Shabaha yetu hasa ni kuangalia sisi wenyewe tunafanya nini tunapomwona, kwa sababu mara nyingi madhara makubwa hayatoki kwa nyoka peke yake. Hutoka pia katika yale tunayoyafanya katika dakika chache zinazofuata.

Tuchukue mfano wa uani mmoja pale Kambarage, mjini Shinyanga. Mfano huu ungefaa pia Old Shinyanga, Mwadui au Nyarugusu. Ni saa mbili usiku. Mama mwenye nyumba anasikia kuku wanapiga kelele bandani. Anamulika tochi, anamwona nyoka mweusi amejikunja karibu na viota. Mama anapiga yowe, ule mwano wetu tunaoufahamu, na kabla hujahesabu hamsini uani pamejaa watu.

Sasa waangalie watu hao. Wa kwanza ameshika rungu na anataka kupiga. Wa pili amekwenda kuleta mafuta ya taa ili achome banda. Wa tatu ni mzee, anasema mwacheni apite, huenda ana habari. Na wa nne, ambaye hakushika kitu chochote, anasimama pembeni na kunong'ona: "Nyoka huyu hakuja bure. Ametumwa." Ndugu msikilizaji, mtu huyo wa nne ndiye wa hatari kuliko wote, naye tutamrudia baadaye. Kwanza tuanze na nyoka mwenyewe.

NYOKA ANATAFUTA NINI UANI?

Nyoka haji kwetu kutafuta binadamu. Hawezi kutula, ukimwacha kando chatu mkubwa sana, na hata huyo ni nadra. Sumu yake ni ya kuulia chakula chake, na kutugonga sisi ni kuipoteza bure. Anakuja kwa sababu tatu tu: chakula, maji na maficho.

Chakula chake kikubwa ni panya. Panya shamba wa nchi yetu, yule anayekula mbegu za mahindi zikiwa bado ardhini, hubeba mimba takriban wiki tatu tu, na kwa mkupuo mmoja huweza kuzaa watoto kumi na zaidi. Ukivuna mtama ukaumwaga sakafuni, au ukaweka mahindi katika kihenge chenye matundu, umewaalika panya. Ukiwaalika panya, umemwalika nyoka. Na ukifuga kuku katika banda lililo wazi chini, umemwongezea mayai na vifaranga.

Maji anayapata kwenye mtungi unaovuja, kwenye bafu la uani na pembeni mwa lambo, hasa wakati wa kiangazi. Maficho ndiyo mengi mno. Tazama ua wa minyaa unaozunguka kaya. Minyaa ni ua mzuri, ng'ombe hawaupiti. Lakini chini yake majani makavu, makopo na vyungu vilivyovunjika hukaa miaka na miaka. Tazama rundo la kuni, matofali yaliyobaki baada ya kujenga, na kichuguu nyuma ya choo. Wenzetu wa Geita nao wana magwangala, yale marundo ya mawe ya machimboni, wana matimba yaliyorundikwa, na mashimo yaliyoachwa bila kufukiwa. Hizo zote ni nyumba za nyoka za bure.

Hapo utaelewa kwa nini watu husema, "Ukimwua mmoja, mwenzake atakuja kulipiza kisasi." Nyoka hana kisasi. Anayekuja baadaye amevutwa na panya wale wale na rundo lile lile. Umeua mpangaji, lakini nyumba umeiacha na mlango umeuacha wazi.

TUWAJUE WENYEWE

Nyoka walio wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu. Yupo, kwa mfano, yule nyoka mdogo wa kahawia mwenye mistari miwili myepesi kila upande wa kichwa. Huyu huingia nyumbani usiku kuwinda panya, na kwa kweli ni mfanyakazi wako asiyedai mshahara. Lakini usiku, kwa mwanga wa tochi, si rahisi kumtofautisha na mwingine. Kwa hiyo sheria yetu ni moja: nyoka usiyemjua, mhesabu kuwa ana sumu, kaa mbali.

Wapo watatu ambao kila mkulima wa kanda yetu lazima awajue.

Wa kwanza ni kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe. Ni mfupi, mnene, mwenye kichwa kipana na madoa yanayofanana kabisa na majani makavu. Huyu hakimbii. Ukimkaribia hutulia kimya akitegemea kwamba hutamwona, na ndiyo maana watu humkanyaga. Akikugonga, mguu huvimba sana, hutoa malengelenge, na nyama huweza kuoza. Jike lake halitagi mayai nje, huzaa watoto hai, mara nyingi 20 hadi 40 kwa mkupuo mmoja. Jike mmoja wa asili ya Kenya aliyefugwa katika bustani ya wanyama huko Ulaya aliwahi kuzaa 156.

Wa pili ni swila, yule anayetema mate ya sumu. Huinua kichwa, hutanua shingo, na hulenga macho kwa umbali wa mita mbili au zaidi. Huyu hupenda mabanda ya kuku. Yule mama wa Kambarage aliyeinama kuchungulia kwenye viota, uso wake ulikuwa mahali pabaya kabisa.

Wa tatu ni koboko. Ni mrefu, mwembamba, mwepesi, hukaa kwenye vichuguu na mapango ya miti. Kwa kawaida hutukimbia, lakini akizuiwa njia yake hugonga zaidi ya mara moja. Sumu yake haivimbishi sana. Inalegeza misuli: kope hushuka, ulimi huwa mzito, na mwisho pumzi hukatika. Mtu aliyegongwa na koboko asiambiwe, "Mbona mguu haujavimba, ngoja mpaka asubuhi." Huenda asubuhi hiyo asiione.

RUNGU, MOTO NA DAWA ZA KUFUKUZIA

Haya, sasa tuwarudie wale watu uani.

Wewe mwenye rungu, ushujaa wako tunauheshimu. Lakini fikiri: nyoka alikuwa anatafuta njia ya kutoka, na wewe umeiziba. Ili rungu limfikie ni lazima usogee, na ukisogea umefika mahali anapoweza kukufikia. Tena, hata ukimwua, usimshike. Kichwa kilichokatwa huweza kung'ata kwa muda baada ya nyoka kufa. Watoto wasichezee mzoga. Ubebwe kwa koleo lenye mpini mrefu na ufukiwe.

Wewe mwenye mafuta ya taa, nyumba ngapi za nyasi zimeteketea kwa moto uliowashwa kwa sababu ya mnyama mmoja? Nyoka atapita upande wa pili, banda litabaki jivu, na kuku wako pia. Vilevile zile dawa za kumwaga kuzunguka nyumba, kama mafuta machafu ya gari, kitunguu saumu, tumbaku na matairi ya kuchoma, usizitegemee. Mafuta hayo yataharibu udongo wa bustani yako na maji ya kisima chako, na nyoka atapita.

Na wewe mzee unayesema mwacheni apite, una haki kwa sehemu kubwa. Wasukuma tunayo historia ndefu na nyoka. Wapo Bayeye, chama cha wacheza ngoma ya nyoka, ambao tangu zamani wamejifunza kuwakamata, kuwatunza na kucheza nao mbele ya watu. Hans Cory, aliyefanya kazi ya kuchunguza mila katika serikali ya Tanganyika, aliandika habari zao mwaka 1946. Hata leo, ukienda kwenye Makumbusho ya Wasukuma kule Bujora, karibu na Kisesa, utakuta urithi wao. Jambo la kujifunza kwa Bayeye ni hili: anayemjua nyoka hana papara. Anatazama kwanza. Lakini tusikosee. Ujuzi wa kukamata nyoka ni wa mwenye kuusomea, na dawa za miti za chama chochote hazishiki nafasi ya hospitali.

BASI TUFANYE NINI TUNAPOMWONA?

Kwanza, simama. Usikimbilie mbele wala kurudi nyuma bila kutazama. Kisha rudi polepole hatua kadhaa, ukae mbali mita tano au zaidi.

Pili, ondoa watoto, mbwa na watazamaji. Umati ndio unaomtia nyoka hofu.

Tatu, mwachie njia. Nyoka aliye nje uani, ukimwachia upande ulio wazi, mara nyingi ataondoka mwenyewe. Mtu mmoja mzima amwangalie kwa mbali ajue amekwenda wapi.

Nne, kama ameingia chumbani, toka, funga mlango, ziba chini ya mlango kwa nguo au gunia, uache dirisha au mlango wa nje wazi. Halafu mwite mwenye ujuzi, au utoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji ili watu wa wanyamapori wajulishwe. Usipekue chini ya kitanda kwa mkono.

Tano, kama ni swila na amekutemea machoni, usisugue. Osha macho papo hapo kwa maji safi mengi, ukiyamimina kwa muda wa robo saa au zaidi, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua. Usitie mkojo wala maji ya majani.

MTU AKIGONGWA

Ndugu wasikilizaji, hapa naomba redio iongezwe sauti, na mwenye kalamu aandike.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kama milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka duniani, na kwamba kati ya 81,000 na 138,000 hufa. Wengine wengi hubaki na vilema vya maisha. Mwaka 2017 Shirika hilo liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Yamesahauliwa kwa sababu wagonjwa wake ni sisi: mkulima, mchungaji, mchimbaji mdogo, mama aliyekwenda kuokota kuni na mtoto aliyelala chini.

Basi mtu akigongwa, fanya hivi. Mwondoe karibu na nyoka, mkalishe au mlaze, mtulize. Mvue pete, bangili, viatu na nguo inayobana, kwa kuwa uvimbe unakuja. Kiungo kilichogongwa kifungwe kwa ubao au fimbo kisitikisike, kama unavyofunga mfupa uliovunjika, bila kukaza. Asitembee kwa miguu yake kama inawezekana kumbeba. Akitapika au akilegea, mlaze kwa ubavu wa kushoto na umwangalie pumzi yake. Kumbukeni saa aliyogongwa. Kisha safari ya hospitali ianze mara moja.

Na haya msifanye. Msikate kwa wembe. Msinyonye. Msifunge kamba ya kukaza damu, maana kamba hiyo imekwisha kuwapotezea watu miguu ambayo nyoka mwenyewe asingeiharibu. Msiweke jiwe la nyoka na kungoja lianguke. Jiwe hilo ni mfupa uliochomwa tu, na linashika kwa sababu linanyonya unyevu, si sumu. Msimpe pombe. Msipoteze saa nzima kumsaka nyoka ili mumpeleke kwa daktari. Mkiweza kueleza umbo lake na rangi yake, au kumpiga picha kwa simu mkiwa mbali, yatosha. Mkishindwa, nendeni hivyo hivyo, daktari atatazama dalili.

Dawa inayopambana na sumu ndani ya mwili ni moja tu, nayo ni dawa maalumu ya sindano ya kuzuia sumu. Ilianza kutengenezwa miaka ya 1890, naye Albert Calmette wa Ufaransa ni mmoja wa walioianzisha. Hutengenezwa kwa kumpa mnyama, mara nyingi farasi, sumu kidogo kidogo hadi damu yake ijenge kinga. Hapa kwetu huagizwa kutoka nje, ni ya bei kubwa, na si kila zahanati inayo. Tena yafaa itolewe mahali penye mganga anayeweza kumsaidia mgonjwa ikiwa mwili wake utaikataa. Ndiyo sababu tunasema: kazi ya kujua dawa iko wapi ifanyike leo, watu wote wakiwa wazima. Mkutano wa kijiji umtake mganga wa zahanati aeleze ni hospitali gani ya karibu inayo dawa hiyo, na simu ya hospitali hiyo iandikwe ukutani, ofisini na shuleni.

Na usafiri? Tujifunze kwa wakulima wenzetu wa Nepali, huko Asia. Eneo moja la tambarare, la mji uitwao Damak, liliandaa vijana wa kujitolea wenye pikipiki. Mtu akigongwa, alipakiwa kati ya dereva na msaidizi aliyemshika nyuma, akapelekwa moja kwa moja kituoni. Vifo vilipungua sana. Sisi hapa bodaboda wamejaa kila kijiji. Kinachokosekana ni mpango: nani ataitwa usiku, nani atakaa nyuma, na mafuta atalipa nani. Jambo hilo balozi wa nyumba kumi anaweza kulimaliza kwa kikao kimoja.

YULE WA NNE

Sasa tumrudie yule aliyenong'ona kwamba nyoka ametumwa.

Ndugu zangu, katika kanda yetu neno hilo si la mchezo. Tunajua, na hatuna haja ya kuficha, kwamba vikongwe wameuawa katika mikoa yetu kwa kushukiwa uchawi, na dalili ya uchawi wao ilikuwa macho mekundu. Macho hayo yaliwekundishwa na moshi wa kuni na samadi walizopikia watoto wetu kwa miaka 50. Nyoka anaingia kwa jirani, mtoto anagongwa, familia inakwenda kwa mpiga ramli badala ya hospitali. Mpiga ramli anataja upande wa mashariki, palipo na nyumba ya bibi fulani. Mtoto anakosa dawa, na bibi anakosa amani, pengine na uhai. Nyoka mmoja, misiba miwili.

Sheria ya uchawi, iliyopo tangu mwaka 1928, inafanya kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa. Mwezi Januari mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli chonganishi. Lakini sheria iko mbali usiku wa manane. Aliye karibu ni wewe. Ukisikia mtu anasema "ametumwa", muulize papo hapo mbele ya watu: panya humu wanatoka wapi? Rundo lile la matofali limekaa hapo tangu lini? Nani alikuja kulirundika, yule bibi au sisi? Maswali hayo matatu yanaweza kuokoa maisha ya mtu kuliko rungu lolote.

KAZI YA JUMA HILI

Kinga ni bora kuliko tiba. Kwa hiyo, ndugu mkulima, tunakupa kazi ya siku moja.

Fagia chini ya ua wa minyaa na ukate matawi ya chini ili mwanga upite. Kuni ziweke juu ya kichanja, mbali na ukuta wa nyumba. Matofali na mawe yahamishwe, kwa jembe na koleo, si kwa mkono mtupu. Kihenge kiinuliwe juu ya miguu, na kila mguu uwekewe bati la kuzuia panya. Banda la kuku lizibwe kwa wavu wenye matundu madogo, na mayai yaokotwe kabla ya giza. Ziba nyufa za ukuta na chini ya mlango. Lala kitandani, ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya mkeka au godoro. Kinazuia mbu, na kinazuia pia nyoka anayefuata panya gizani.

Usiku usitoke bila tochi na fimbo ya kupapasia mbele. Katambuga zetu za matairi ni imara kwa miiba, lakini zinaacha kifundo cha mguu wazi, na kifutu hugonga hapo hapo. Wakati wa kung'oa masalia ya pamba, kuvuna mpunga au kukata majani katika ngitili, vaa viatu vya kufunika mguu ukiweza. Ngitili zetu tulizozirudisha kwa jasho, hasa baada ya mradi wa HASHI kuanza mwaka 1986, zimerudisha nyasi, kuni na wanyama. Nyoka ni mmoja wa wanyama hao. Tusiichome ngitili kwa sababu yake. Tujifunze kupita humo kwa macho wazi.

Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kushtuka si aibu. Lakini baada ya kushtuka, simama, tazama, waondoe watoto, mwachie njia, na kesho yake fagia uwanja wako. Na jirani yako mzee, mpelekee kuni na umsaidie kufagia wa kwake.

Nawatakieni kazi njema. Tukutane tena juma lijalo katika kipindi chetu.